Panya wa jirani nusura amuue nyoka niliyeachiwa

Wakuu, habari za leo. Hii si ya kutunga na sitafuti likes. Imenipata hapa Rhonda, Nakuru, na hata sasa nikiandika mwili unanisisimka.

Rafiki yangu Kiprop alipata kazi Qatar, akaniachia nyoka wake. House snake, wa kahawia, mrefu kama mkono wangu, hana sumu. Kabla hamjauliza: ndiyo, Kiprop ana kibali cha kumfuga. Nilikubali kwa sababu Kiprop alinisimamia nilipofiwa na mama. Singeweza kumwambia hapana.

Lakini nilimwogopa yule nyoka vibaya sana.

Kubadilisha maji tu navaa gumboots ndani ya nyumba, nasukuma bakuli kwa mwiko wa ugali. Akitoa ulimi, mimi niko mlangoni. Nilikuja kusoma kwamba ulimi ni wa kunusia tu, hana vita na mtu. Sawa, lakini kusoma ni kitu kimoja, na kulala naye chumba kimoja ni kingine kabisa.

Chakula chake ni panya waliokufa, maana panya hai anaweza kumuuma. Jirani yangu Mama Shiro alisikia natafuta panya, akauliza ni wa nini. Nikamwambia nina paka mgonjwa asiyeweza kuwinda. Ningetaja nyoka, wapangaji wote wa plot wangekuja na mafuta ya taa kumchoma.

Basi mama wa watu akawa ananiletea wale wanaonaswa na mtego wake. Mimi namwekea nyoka kwa koleo, anameza akianzia kichwa, nami nimegeuza macho.

Jumapili moja, baada ya kanisa, akaniletea mwingine. Nyoka akammeza. Kabla sijamaliza chai, mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Kijana, paka amekula ile panya?"

"Amekula, mathe."

"Woi! Hiyo haikuwa ya mtego, niliiokota hapo kwa bomba. Baba Kevo wa hapa plot ndio ananiambia saa hii aliweka dawa ya panya! Ngoja nilete maziwa tumpatie."

Akakimbilia kwake.

Nyoka wa mtu anakufa mikononi mwangu, na huyu mama anarudi kumnywesha paka ambaye hayupo.

Nikampigia daktari wa mifugo ninayemjua, hakushika. Kiprop akashika, nikamweleza.

"Mtoe kwa box umshike," akasema. "Nyoka akisumbuliwa kama ameshiba hutapika. Siku zingine ningekukataza, lakini leo fanya hivyo."

"Na mwiko?"

"Mikono, bro. Mwiko utamuumiza."

Wakuu, mimi ni kinyozi. Nashika wembe kwenye shingo za watu kila siku bila wasiwasi. Siku hiyo mikono ilikataa kabisa. Niliomba Mungu kwa sauti, nikafumba macho, nikamshika.

Nilidhani atateleza kama samaki. Kumbe ni mkavu, na ana nguvu. Akajizungusha kwenye mkono wangu, nikahisi ule uvimbe wa panya ukipita juu ya ngozi yangu. Nilitaka kumrusha ukutani. Sijui ni nini kilinizuia.

Halafu akapanua mdomo, shingo ikavutika, na panya akatoka vile alivyomezwa, amelowa, akaanguka kwenye carpet.

Nikalia kama mtoto. Nikainua macho, Mama Shiro amesimama mlangoni na kikombe cha maziwa. Sikuwa nimefunga.

Akatazama panya. Akatazama nyoka. Kisha akanitazama mimi. Aliweka kikombe sakafuni polepole, akarudi kinyumenyume bila kunipa mgongo.

Nyoka yuko hai. Bado sijamlisha, namwacha apumzike kwanza kama Kiprop alivyoniambia. Siku hizi nambadilishia maji bila gumboots.

Mama Shiro hajamwambia mtu, nadhani. Lakini akinikuta kwa bomba anasimama mbali mpaka nimalize, na watoto wake hawapiti tena mlangoni kwangu.

Nilichojifunza: usimlishe mnyama panya ambaye hujui amekufaje. Na jirani anayekusaidia, mwambie anamsaidia nani.

Nataka kwenda kumwambia asante na pole. Nimefika mlangoni kwake mara mbili, nikasikia akiwaita watoto ndani, nikarudi.

Wakuu, nyinyi mngeanza kusema nini?