Taa za Breki na Mkanda wa Feni

Mara ya mwisho baba kunipiga nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimeshaoa, na alinipiga mbele ya watu waliokuja kupimiwa majani chai kwenye kituo cha Boito. Alinipiga kwa mkanda wa feni, ule wa mpira wa injini ya gari. Kosa langu lilikuwa taa.

Baba aliendesha lori la kiwanda mpaka akastaafu, kisha akanunua pikapu na kunikabidhi nibebe majani ya wakulima. Kwake dereva hupimwa kwa taa za nyuma. Alikuwa akisimama hapo kituoni, juu ya mteremko, na kutazama magari yakishuka mtoni. Anayeshuka kwa gia, taa zake huwaka mara moja, mbili, basi. Anayelalia breki anaziunguza, na siku moja ataua watu. Hivyo ndivyo alivyohukumu kila mwanamume wa barabara ile.

Wiki hiyo taa zangu zilianza kukawia. Nikiinua mguu zilibaki zikiwaka, zikazimika baadaye zenyewe. Mimi sikujua. Nani hutazama makalio ya gari akiwa ndani yake? Baba aliziona. Jumatatu alinionya, Jumatano akanitukana. Ijumaa ziliwaka kutoka juu mpaka ng'ambo ya daraja, na niliporudi kuchukua mzigo wa pili nikamkuta ananingoja.

"Umelalia breki mpaka mtoni!"

"Baba, sijagusa. Nimeshuka na gia ya pili."

"Kwa hivyo macho yangu ndio inadanganya?"

Mkanda ulinipata shingoni kabla sijafunga mlango. Wa pili ulinipasua sikio. Nikaanguka juu ya magunia, naye akaendelea kunichapa mgongoni kama mtu anayepura maharagwe, huku akina mama wakipiga mayowe.

Nikashika spana ya magurudumu iliyokuwa kando ya magunia. Sitajitetea: nilitaka kumvunja kichwa. Kwetu Wakipsigis mwana hamwinulii baba mkono, na nililijua hilo wakati mkono unainuka. Mama mmoja Mkisii aliyekuwa kwenye foleni alinirukia, akaning'inia mkononi kwa uzito wake wote.

"Wacha! Utaua babako!"

Spana ikatua kwenye taa ya nyuma ya kushoto. Vipande vyekundu vikamrukia baba miguuni. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Alinyoosha kiganja.

"Leta funguo. Simama hapa uone vile gari inashushwa. Leo ndio mwisho wako kushika hii stering."

Akashuka na pikapu. Nikasimama pale alipozoea kusimama yeye, damu ikiingia kwenye kola. Taa iliyobaki iliwaka kwenye kona ya kwanza. Ikawaka kwenye ya pili, ikawaka moja kwa moja mpaka akavuka daraja. Nilicheka kwa sauti, kicheko kibaya, na wale akina mama wakatazama chini.

Aliporudi aliuliza akiwa bado kwenye kiti.

"Imewaka?"

"Njia yote. Mpaka ng'ambo."

"Mimi sikukanyaga."

"Najua."

Alizima injini na taa nayo ikazimika. Ndivyo gari lile lilivyotudanganya wiki nzima, kwa sababu likiegeshwa halikuonyesha chochote. Akalala chali chini ya usukani, akatoka na makombo ya plastiki kiganjani. Kile kizibo kidogo kwenye mkono wa pedali, kinachosukuma swichi pedali inaporudi juu ili taa zizimike, kilikuwa kimechakaa na kuvunjika. Swichi ilikuwa inapenya kwenye tundu tupu, taa zikabaki zikiwaka.

Kisha akaniletea mkanda wa feni, akaniwekea mkononi na kunigeuzia mgongo.

"Piga."

Nilitaka. Badala yake nilichukua kisu cha kukatia kamba za magunia, nikakata kipande cha ule mkanda, nikakichonga, kisha nikakigongomea kwenye tundu kwa kitako cha spana. Nikawasha gari.

"Nenda uangalie nyuma," nikamwambia.

Nilikanyaga breki, nikaachilia.

"Imezima," akasema.

Hakuja mbele. Nilimtazama kwenye kioo cha pembeni: alikuwa amepiga magoti, anaokota vipande vya taa niliyovunja, kimoja kimoja, kwa mikono mitupu. Sikushuka kumsaidia.