Nilicheka Picha ya Mama Yangu Mbele ya Mabosi

Admin nifiche jina, na kijiji kifiche, maana huku Muleba tunajuana mpaka ukoo wa mbuzi. Mimi ni kijana wa miaka 29, shule niliishia darasa la nne, mwalimu alichoka na mimi nikachoka. Nimeuza senene stendi ya Bukoba, nimeuza soksi, nimepaka watu rangi za kucha. Mtaji wangu ni mdomo. Ndio huo huo umeniponza.

Mwaka jana nilipata kibarua hifadhini karibu na kwetu. Ni eneo la umma, nyika ya nyasi na kinamasi, ndani kuna nzohe, yule swala anayependa maji. Msimamizi ni mama mmoja msomi wa mambo ya wanyama, tunamwita Daktari ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Yeye ndiye anapanga: upande huu mwaka huu wananchi wakate nyasi, upande ule upumzike nzohe wazae. Mimi nabeba vifaa, naokota mavi ya nzohe naweka kwenye vifuko kama muuza karanga, na nafunga kamera kwenye miti, zile zinazojipiga zenyewe kitu kikipita. Nyumbani nilikuwa najisifu hadi kuku wananikimbia.

Sasa mdogo wangu wa kike akapata mchumba, mtu wa Kashozi, familia ya kanisani, wakasema Jumamosi wanakuja kujitambulisha. Kwetu wageni wa posa wanakuta nyasi mbichi zimetandikwa sebuleni, uwe na simenti uwe na marumaru. Usipotandika umewatukana. Na upande ulioruhusiwa ng'ombe walishamaliza zote. Mama akaniuliza tukiwa jikoni, "Mwanangu, kule mnakozuia, nikikata mzigo mmoja tu kuna ubaya?" Kwa kiherehere changu nikamjibu, "Mama wewe nenda, kule serikali ni mimi." Akacheka akanigonga na mwiko, "Haya, bwana serikali." Alhamisi akaenda. Kamera nilishaifunga pale mimi mwenyewe siku mbili nyuma, baada ya kuona nyayo za nzohe na mtoto wake. Naapa nilisahau.

Ijumaa asubuhi tukafungua picha ofisini. Ngedere, ngedere, ndege, halafu mama yangu. Mzigo umemfunika uso, lakini khanga ile nilimnunulia mimi. Askari wa hifadhi wakaanza kucheka. Na mimi, ndugu zangu, kwa woga nikacheka kuliko wote. Nikasema, "Daktari, leo tumepata nzohe wa miguu miwili! Tena kazeeka, huyu hata chui anamsusa." Askari mmoja alipiga meza kwa kicheko. Daktari hakucheka. Akaniuliza, "Unamfahamu?" Nikasema, "Simjui kabisa, hawa ni wale wa vijiji vya ng'ambo." Daktari akasema, "Nimewavumilia, kila mtu anasema mzigo mmoja tu, mzigo mmoja tu, wanyama hawana pa kuficha watoto. Mtafuteni. Huyu atakuwa mfano."

Nikapanda pikipiki na askari wawili, nikijifanya nawaongoza kwenda ng'ambo. Wakasimama dukani kijijini kwetu kununua maji, wakamwonyesha muuzaji picha kwenye simu. Yule dada hakusita, khanga aliijua, akaninyooshea kidole. "Si mama yake huyu mliyekuja naye?" Askari akanigeukia, "Kumbe nzohe ni bi mkubwa wako?" Walicheka mpaka nyumbani.

Tulimkuta mama amepiga magoti sebuleni anatandika. Kusikia viatu akadhani nimemletea wageni mapema. "Karibuni waitu, vueni viatu, nyasi bado mbichi." Akainua uso akaona sare. Askari akamuuliza, "Mama, nani kakuruhusu kukata kule?" Mama akaniangalia. Mimi nikaangalia buti zangu. Akasema, "Hakuna mtu. Nimejituma mwenyewe." Wakamwambia azikusanye zote azibebe kichwani, ni kidhibiti. Akapita katikati ya kijiji na mzigo wake, mimi nyuma, hata kumsaidia kujitwisha sikuweza. Kikongwe mmoja akatema mate nilipopita.

Jumamosi wageni walifika, mama yuko mahabusu. Wakakaa juu ya simenti tupu. Baba mdogo akawaambia shemeji yake kapata dharura, lakini mshenga wao alikuwa na video ya mama na mzigo wake kichwani tayari, kijiji kilishasambaza. Akasema kwa upole, "Tutarudi mambo yakikaa sawa." Hawajarudi mpaka leo. Mchumba kamzuia mdogo wangu kwenye simu. Mdogo wangu aliniambia neno moja tu, "Kaolewe wewe na hiyo kamera yako."

Mama katoka kwa dhamana. Hajamwambia mtu yeyote kwamba mimi ndiye niliyemtuma, hata mdogo wangu hajui. Ananipakulia ndizi kama kawaida ila haniangalii. Nikipita njiani kina mama wanaweka mikono kichwani kama wamebeba mzigo, "Tupige picha basi, leo tumejipodoa!" Mimi niliyekuwa nachekesha watu, sasa wananicheka mimi.

Kesi ni wiki ijayo na mimi ni shahidi wa hifadhi, kwa sababu ndiye niliyefunga kamera. Daktari kasema nikitoa ushahidi vizuri ataniombea ajira ya kudumu. Nikasimama pale mahakamani nikisema nilimruhusu mimi, kazi imekwenda, na pengine nafungwa mimi. Nikinyamaza, anafungwa aliyenizaa kwa kosa langu. Juzi nilijikaza nikamwambia Daktari, siwezi kusimama kule, yule ni mama yangu mzazi. Hata kalamu hakuiweka chini. Akanijibu, "Ndiyo maana hakimu atakuamini."

Matusi nimeshazoea, tukaneni tu. Ila mkimaliza mniambie, nikiitwa kizimbani niseme nini?