Kadi ya Gemu na Mguu wa Mpishi

Ile kompyuta niliichagua mimi. Nasema mapema msije mkasikia kwa watu, maana watu wakisimulia habari zangu hutia chumvi, na chumvi ya habari zangu napenda niitie mwenyewe.

Dada yangu mkubwa hutengeneza miguu ya bandia. Mwaka wa ishirini na sita huu yumo katika karakana ile ile nyuma ya hospitali: chumba kirefu, meza ya bati, sinki lililoziba kwa plasta, na miguu imetundikwa ukutani kwa misumari, kila mmoja na karatasi ya jina la mwenyewe. Wagonjwa humwita Mama Miguu. Kazi yake hasa ni kikombe, pale mahali kinapoingia kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki. Kikombe kikibana pasipotakiwa, mtu hatembei. Atauchukua mguu, atashukuru kwa adabu, na akifika nyumbani atausukuma uvunguni.

Zamani alikuwa anakizungushia kigutu bandeji ya plasta mbichi, kisha anapitisha viganja polepole, macho kayafumba. Siku moja nikamwambia anafanana na mtu anayetafuta swichi gizani. Alininyooshea kisu cha plasta, nikatoka mwenyewe bila kusindikizwa.

Mwaka jana mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Hakumwambia mtu. Akawa anautia kwenye mfuko wa aproni kila mtu akiingia, kama mwenye peremende asiyetaka kugawa. Lakini plasta haifichi kitu. Mkuu wa karakana, mtu mpole lakini asiyejua kuzungusha maneno, akamwita.

"Mama, plasta basi. Tumepata programu ya kuchora kikombe kwenye kompyuta, na mashine ya kukichonga. Nenda kachague laptopu, hospitali itanunua. Ukimtembeza mgonjwa mmoja vizuri, unabaki. Ikishindikana, itabidi uende stoo ukagawe magongo."

Stoo! Mtu aliyesimamisha nusu ya mji huu, akagawe magongo.

Akaniomba nimsindikize dukani, kwa sababu mimi ni fundi wa redio na televisheni, na nilikuwa nimeshatangaza kwamba kompyuta naijua ndani nje. Ukweli ni kwamba ndani sikuwahi kufika, ila nje naijua vizuri sana.

Muuza kompyuta, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi, akatuwekea mbili mezani.

"Hii ina kadi ya picha ya gemu," akasema. "Ile ina kadi ya kazi. Kadi ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Ya gemu ina mbio zaidi. Ya kazi ni taratibu kidogo, lakini imejaribiwa na programu za wachoraji. Kwani programu yenu ni ipi, mama?"

Dada akafungua mdomo. Nikamuwahi.

"Ya kazi? Bwana, kwenu nguo za kazi ni zipi? Si zile kuukuu? Wewe unavaa shati jipya kwenda kufyeka majani?"

"Mzee, siyo kazi hiyo."

"Kazi ni kazi. Dada yangu hapewi kitu cha kufyekea."

"Mdogo wangu, mwache amalize," dada akasema.

"Ameshamaliza huyu."

Na ile ya gemu, jamani, vitufe vyake vilikuwa vinawaka rangi kama harusi. Tukaondoka nayo. Boksi lake nikalichukua mimi, likanifaa kwa viatu.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mpishi wa shule, mama mnene mcheshi, aliyekatwa mguu chini ya goti. Anasimama jikoni tangu alfajiri, na alikuwa amechoka kupikia watoto mia tatu huku ameegemea gongo. Dada alimpiga picha za kigutu kwa kamera iliyokuja na programu, akachora kikombe siku mbili, mashine ikachonga. Nilikuwepo siku ya kujaribu. Nisingekosa, mchaguzi mimi.

Mpishi akasimama, akapiga hatua moja, akashika ukingo wa meza. Utani wote ukamtoka usoni.

"Mama Miguu, nitoe. Nitoe haraka."

Kikombe kilikuwa kimekandamiza mfupa wa muundi, ule wa mbele chini ya goti, na ngozi ilishaanza kuchubuka. Dada alipiga magoti akamvua, akampaka dawa, akamwomba radhi. Mkuu wa karakana aliutazama ule mkono, na dada akaurudisha mfukoni.

Siku ya tatu nikaenda kumwona. Nilimkuta anapangusa visu vyake vya plasta na kuvifunga kwenye kitambaa, kimoja kimoja.

"Ni mkono, mdogo wangu," akasema. "Mashine imechonga nilichochora. Niliona pamenyooka kwenye kioo, nikapafuata, ama nilidhani nimepafuata. Mkono umeniangusha."

"Nionyeshe."

Akafungua faili, akauzungusha mguu kwenye kioo. Muundi ulikuwa laini kama chupa. Akafumba macho, mkono ule ule unaotetemeka ukiwa hewani, ukipapasa mguu usiokuwepo.

"Hapa pana mfupa," akasema. "Nilimgusa. Umechomoza."

Akazungusha tena. Mfupa ukatokea, ukakaa kufumba na kufumbua, ukazama.

Kompyuta sizijui, lakini picha inayodanganya naijua. Nimefungua televisheni ngapi ambazo mtangazaji hana kichwa, na mwenyewe yuko salama huko studio anasoma habari?

"Dada," nikasema, "faili lako ni zima. Kinachokosea ni kinachochora."

Tukarudi dukani. Muuzaji akaweka programu ile kwenye mashine ya kadi ya kazi, akafungua faili. Mfupa ukawa pale pale, umechomoza, haukwenda popote hata tulipouzungusha mara ishirini. Ndipo akasoma orodha ya kadi zilizoidhinishwa na watengenezaji wa programu. Kadi ya kazi ilikuwemo. Yetu haikuwemo.

"Si kwamba ya gemu ni mbovu," akasema taratibu, anamwambia dada, si mimi. "Wengine wanachorea na inawafaa. Lakini imeundiwa mbio. Kwenye gemu ukuta ukipotea kidogo, jicho linasamehe. Kwenye mguu, nani asamehe? Ndiyo maana niliuliza programu gani."

Dada hakunitazama. Afadhali angenitukana.

Duka lilikubali kubadilisha ndani ya siku saba, ambazo zilikuwa hazijaisha, ila boksi liwepo. Nikaenda nyumbani, nikamwaga viatu sakafuni, nikalipeleka boksi lenye harufu ya soksi zangu, nikatazama dari wakati muuzaji analinusa. Kisha nikaenda kwa mkuu wa karakana, peke yangu, sikutumwa.

"Mkuu, ule mkono hauna kosa," nikamwambia. "Kosa ni mdomo, na mdomo wenyewe ni huu."

"Mgonjwa mmoja," akasema. "Yule yule, kama atakubali kurudi."

Mpishi akarudi baada ya wiki mbili, ngozi imepona. Kikombe kipya kilichorwa kwenye mashine ya kijivu isiyowaka rangi yoyote, na kabla ya kukipeleka kuchongwa dada aligusa muundi wa mpishi, akatazama kioo, akagusa tena. Mpishi akasimama. Sote tukamtazama usoni, isipokuwa dada. Yeye aligeukia ukuta, penye miguu yake iliyotundikwa, akasikiliza. Hatua ya mguu wa nyama, hatua ya mguu wa bandia, mpaka mlangoni na kurudi.

"Upo?" dada akauliza bila kugeuka.

"Nipo, Mama Miguu. Ila nina njaa, na leo sipiki mimi."

Mkuu akaandika "anatembea" kwenye faili la mgonjwa, akamsogezea dada kalamu aweke sahihi. Dada akautoa mkono wa kulia mfukoni, mbele yetu wote, akasaini. Sahihi ilitoka imepindapinda. Hakuna aliyecheka, hata mimi.