Ukuta Wangu kwa Lodi

Sijisifu, lakini ukuta ule ni wangu.

Lodi mmoja wa zamani, bwana mkubwa wa Kiingereza, alijijengea jumba katikati ya bustani yake, karibu na Sutton Coldfield, pembeni mwa Birmingham: nguzo nyeupe za Kigiriki, chumba cha mviringo, kuba juu. Si la kulala. Alikuwa akija na wageni kunywa chai na kutazama ziwa, kisha akirudi kwake, ng'ambo ya nyasi.

Miaka ya elfu mbili lilipokarabatiwa, mimi nilikuwa mbeba ndoo. Mombasa nilikuwa fundi chokaa, nimefunzwa na mjomba wangu. Birmingham hakuna aliyeniuliza ufundi wangu, na jambo hilo liliniuma. Siku moja fundi mmoja akaugua, msimamizi akanipa ukuta wa chumba kile.

"Ukiharibika, unarudi kwenye ndoo," akasema.

Nikaupiga lipu ya chokaa, nikaunywesha maji asubuhi na jioni, maana mjomba alisema chokaa haiachwi na kiu. Siku ya sita nikaubonyeza. Kidole kikazama kama kwenye uji. Nilikuwa nimeupa maji ya Mombasa katika Oktoba ya Uingereza, ambako hata taulo haikauki. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Sikungoja kuumbuliwa. Nilimwendea msimamizi. "Kosa ni langu. Nipe wiki mbili."

Akaitazama ndoo yangu, akanitazama mimi. "Moja na nusu."

Nikaubandua wote, nikaanza upya. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho: safari hii maji niliyaweka mbali, nikaning'iniza magunia madirishani kuzuia baridi, ukuta ukakauka kwa mwendo wake. Msimamizi akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukaitika kavu.

"Kesho njoo na mwiko wako," akasema. Ndoo sikuigusa tena.

Kiangazi kilichofuata nilimpeleka kule binti yangu, wa miaka tisa, mzaliwa wa hapa hapa. Mama mmoja aliyewatembeza wageni akauelekeza mkono ukutani kwangu. Akasema lipu hii ni ya enzi ya lodi mwenyewe, kazi ya mafundi walioletwa kutoka Italia.

Binti akanivuta shati. "Baba, tell her!"

"Nyamaza," nikamnong'oneza. "Mwache anisifu."