Kitovu Kilichotazamwa na Kitongoji Kizima

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia migomba ya kitongoji cha Omukigando, kata ya Kihanga wilayani Karagwe, na Placida Cleophace tayari yuko kwenye kaya ya tatu. Baiskeli ameiegemeza kwenye mti wa kahawa. Mbele yake, juu ya mkeka, amelazwa mtoto wa miezi mitano ambaye kitovu chake kimetokeza kama limao dogo, na kila akilia kinazidi kutuna.

Baba wa mtoto, kijana mpole aitwaye Nsanzimana, haongei sana. Anaingiza mkono mfukoni, anatoa sarafu ya shilingi mia mbili iliyosuguliwa kwa majivu mpaka inang'aa, anaiweka kwenye mkeka kando ya mwanawe. Yaani amejiandaa.

Placida haigusi. Anambonyeza mtoto kitovu taratibu kwa kidole, kinaingia ndani bila taabu, anaachia, kinarudi. Kisha anamgeukia mama mkwe wake, Bibi Adelgunda, ambaye siku hizi hufuatana naye. Bibi anaiokota ile sarafu, anaigeuza huku na huku, anaifunga kwenye pindo la kanga yake. Anamwambia kijana kwamba kitovu hicho hakifungwi na chochote, na kwamba sarafu hii yeye anajua pa kuipeleka.

Wanaaga, wanashuka mteremko, mmoja akisukuma baiskeli na mwenzake akitembelea mwavuli. Ukiwaona wanavyocheka njiani, huwezi kudhani kwamba wanawake hawa walimaliza miaka minne bila kuzungumza vizuri, na kisa ni kitovu.

Placida, mwenye umri wa miaka 38, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ana kaya 94 za kutembelea, zimetawanyika juu ya vilima viwili, na posho yake ikija inamtosha sabuni, daftari za watoto na kuziba pancha. Asubuhi ni ya wagonjwa, mchana ni wa kibanja, maana kahawa na migomba navyo vinamtaka.

"Nusu ya kazi yangu ni kuwahimiza watu wawahi zahanati," anasema. "Nusu ya pili ndiyo ngumu. Ni kuwaambia wengine watulie nyumbani, hicho walicho nacho kitaondoka chenyewe."

Watu hawapendi kuambiwa hivyo, na ukweli wenyewe nani anapenda? Mtu ametembea mlima mzima na mafua yake, anataka walau kidonge. Kuna kijana aliyekuja na chunjua saba mkononi, akaambiwa nyingi hupotea zenyewe ingawa huenda ikachukua hata miaka miwili. Akaondoka amenuna, akapaka kila kitu kuanzia utomvu wa mgomba hadi maji ya betri, akaambulia kuungua. Chunjua zilipokauka mwaka uliofuata, akamshukuru jirani aliyemshauri apake majivu wiki ile ile.

Placida anacheka sana akikisimulia kisa hicho, lakini hapo hapo anakunja uso. Homa haisubiriwi, anasema, inapimwa siku hiyo hiyo. Mtoto anayehema mbio hasubiriwi. Kuvumilia kuna mipaka yake, na yeye hurudi kumwangalia kila aliyemwambia asubiri.

Sasa turudi kwenye kitovu.

Kwa miaka mingi, mtoto wa Omukigando aliyetokeza kitovu alipelekwa kwa Bibi Adelgunda. Naye aliweka sarafu juu yake, akakaza kwa kipande cha kanga, akaagiza isifunguliwe. Mwaka ukipita, miaka ikipita, kitovu kinaingia, na wazazi wanamletea bibi mkungu wa ndizi au, msimu ukiwa mzuri, kikapu cha senene. Heshima yake ilikuwa kubwa. Wapo watu wazima wenye ndevu ambao hadi leo wakikutana naye njiani humwamkia shikamoo huku wamejishika tumbo.

Mwaka 2020, Placida akiwa na miezi michache tu kazini, sarafu moja ilileta balaa. Mtoto wa Mackrine, jirani yao, alifungwa wiki tatu bila kufunguliwa. Chini ya sarafu ngozi ikachubuka, jasho likakaa, kidonda kikaoza. Mackrine alilala hospitali siku tisa na mwanawe. Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu, ila hofu ilibaki.

Ulipoitishwa mkutano wa kitongoji, Placida alisimama akasema sarafu sasa basi. Hakutaja jina la mtu. Hakukuwa na haja, kwa sababu aliyezifunga alikuwa amekaa mstari wa mbele, ndiye mama wa mume wake.

Mzee mmoja wa nyuma, Karekezi, ambaye hajawahi kukosa swali mkutanoni, akauliza kwa upole, "Na cha binti yako?"

Watu wakageuka. Mgongoni mwa Placida alikuwa amelala binti yake Ainembabazi, wa miezi saba, na kila mtu alijua kwamba ana kitovu kikubwa kama yai la kuku.

"Hakitafungwa," Placida akajibu. "Njooni mkitazame wenyewe, mpaka siku atakayoanza shule."

Aliporudi nyumbani, alianza kuipima ahadi hiyo. Rogasian, tabibu wa zahanati, alikuwa amekwisha kumweleza kwamba pale kitovuni kuna tundu dogo kwenye msuli, na kwa watoto wengi hujifunga lenyewe kadiri wanavyokua, mara nyingi kabla ya miaka mitano. Kwa wachache halijifungi, hao hufanyiwa upasuaji mdogo. Placida alilishika neno moja tu katika maelezo yote hayo, wachache. Ikiwa binti yake yumo kati yao, ni mama gani wa Omukigando atakayemsikiliza tena, hata akisema habari ya chanjo?

Basi kitongoji kikatazama, na kilitazama kweli. Watu walipita kuomba moto, kumbe wanataka kuona kitovu. Ainembabazi mwenyewe, alipoanza kutembea, aligundua kwamba wageni wote wanakuja kwa ajili yake, akawa hangoji kuombwa. Mgeni akipiga hodi, gauni liko kichwani. Aliwahi kumfanyia hivyo hata katekista.

Kitovu hakikuwa na habari. Mwaka wa kwanza kilikua. Wa pili kilibaki vile vile. Wa tatu Placida aliona kama kimepungua, ila hakumwambia mtu kwa sababu hakujiamini.

Nyumbani nako kulikuwa kugumu. Bibi Adelgunda hakumtukana mkwewe wala kumnyima kitu. Alimletea maharage, alimletea ndizi, ila alivituma kupitia kwa mtoto, na salamu zake zilikuwa fupi. Cleophace, mume wa Placida, alijifunza kula nyumba zote mbili na kusifia vyakula vyote viwili.

Kisha likaja tukio la mapera. Siku moja mchana, Ainembabazi akiwa na miaka mitatu, alianza kulia na kutapika. Kabla mama yake hajafika kutoka kibanjani, habari zilikuwa zimeshavuka kilima kwamba kitovu cha Placida kimepasuka. Alimkuta mtoto amezungukwa na watu kumi na mmoja. Alipiga magoti, akabonyeza. Kilikuwa laini, kikaingia. Kingekuwa kigumu, chekundu, kinachouma, hiyo ingekuwa hatari ya kukimbizwa hospitali, na maneno hayo alikuwa amewafundisha wengine mara mia. Hata hivyo alipanda bodaboda na mwanawe hadi zahanati. Rogasian alikuta tumbo limejaa mapera mabichi.

"Nililia njia nzima ya kurudi," Placida anakumbuka. "Sikuwa nalia kwa ajili ya mapera."

Mwaka jana, kuelekea Pasaka, mtoto akiwa amefikisha miaka minne na miezi kadhaa, Placida alimwogesha na mkono ukapita tumboni bila kukwama. Akamwambia akohoe. Mtoto akakohoa. Akamwambia alie, mtoto akasema hana sababu. Kitovu kilikuwa kimelala chini kama cha watoto wengine, na tundu lililokuwa linapokea kidole sasa halikupokea kitu. Alimwita Cleophace aje aguse na yeye.

Katika mkutano uliofuata alimpandisha binti yake juu ya benchi. Makofi yakaanza, lakini Karekezi akanyoosha mkono.

Alisema anampongeza mama kwa dhati. Ila kuna mtu alimwona bibi akimfunga mtoto sarafu, wiki ile Placida alipokwenda kwenye mafunzo mjini Kayanga. Sasa kilichoponya ni kusubiri, au ni sarafu?

Placida hakuwa na habari hiyo. Aligeuka kumtazama mama mkwe wake, na anasema kwamba hapo aliona miaka yake yote minne ikimwagika kama maji. Bibi angeweza kukaa kimya tu. Kukaa kwake kimya kungemrudishia jina lake lote, pamoja na mikungu ya ndizi na senene.

Bibi Adelgunda akainuka polepole.

"Nilimfunga kweli," alisema. "Nilimfunga asubuhi. Saa nne akaifungua, akaenda nayo dukani, akanunua pipi nne. Akarudi kuniuliza, Bibi, ipo nyingine?"

Mkutano uliangua kicheko hata mwenyekiti akashindwa kuendelea. Bibi hakucheka. Alingoja watulie, akasema kwamba kumbe kitovu cha mjukuu wake kimeingia bila sarafu, na kama ni hivyo basi na wale wote aliowafunga wangepona hivyo hivyo, na yeye alikuwa anapokea shukrani za kazi ya Mungu. Kisha akamtafuta Mackrine kwa macho.

"Waitu, mwanangu, unisamehe. Yule wako ndiye pekee ambaye mkono wangu ulimfanyia kitu."

Mackrine alikwenda akamkumbatia. Placida alikuwa analia waziwazi, na hata sasa akifika hapa kwenye simulizi lake anajifuta kwa mgongo wa kiganja.

Tangu siku ile wanatembea pamoja. Placida ndiye anayepima na kueleza dalili za hatari, lakini anakiri kwamba neno la bibi ndilo linalowatuliza akina mama. Watoto sita wenye vitovu vilivyotokeza wako kwenye daftari lake sasa, na hakuna aliyefungwa. Mpango wake ni kuwafuata wote hadi watakapoanza shule, na yeyote ambaye chake hakitaingia, atamsindikiza mwenyewe kwa upasuaji bila kuona aibu.

"Wa kwangu aliponea kwenye macho ya watu," anasema. "Nataka hawa wapone bila mtu kuwatazama."

Saa saba mchana wanafika nyumbani. Ainembabazi, ambaye ameanza darasa la awali Januari hii, anatoka mbio na sare yake, anapiga magoti kumwamkia bibi, kisha anabaki amekinga mkono. Bibi anafungua pindo la kanga taratibu, anatoa sarafu ya Nsanzimana inayong'aa.

"Leo ilikuwa ya nani?" mtoto anauliza.

"Ya mdogo wako wa kule juu. Nenda, na umbakizie pipi moja."