Blogu ya Fundi Mabango Yatafuta Jina

Karibu kila duka la mtaa ule lilipewa jina na Fundi Mabango, kwa brashi yake na kwa ulimi wake. Mteja akija hajui aiteje saluni yake, fundi humuuliza, "Kwani wewe unauza nini hasa?" na chai haijapoa, jina limepatikana. Lakini kinyozi hajinyoi. Blogu yake mwenyewe, ya historia ya mtaa, ilimtoa jasho. Binti yake alishamfungulia kwenye simu, kikabaki kitu kimoja tu: jina.

Na jina lilikuwa na haraka. Shangazi yake, ambaye ndiye pekee aliyebaki anayejua mtaa ulianzaje, alikuwa anahamia mbali kwa mwanawe asubuhi ile, naye alikataa katakata kusimulia.

"Mtoto hana jina, unataka nimbebe?" alisema, amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba. "Lete jina kwanza."

"Hazina ya Mababu, Shangazi."

"Mababu gani? Babu yako alikuja hapa akimkimbia mke."

"Basi, Mwanga wa Kale."

"Kale hakukuwa na mwanga. Tulikuwa tukijikwaa."

Binti, aliyekuwa akibeba sanduku la vyombo, ilibidi alitue chini acheke vizuri.

Simu ya shangazi ikalia. Dereva wa gari la mizigo amepotea.

"Nisikilize, baba," shangazi alimwelekeza. "Njoo mpaka pale palipokuwa na kinu cha mafuta. Kunja kushoto palipokuwa na kisima. Ukifika palipokuwa na duka la baiskeli, umeniona."

"Mama, mimi hapa naona benki."

"Achana na benki, hiyo ya juzi tu!"

"Sasa hicho kinu kiko wapi?"

"Kiliungua hujazaliwa. We njoo tu!"

Fundi, ambaye naye maisha yake yote aliwaelekeza wageni hivyo hivyo, akaitoa simu yake polepole, akaandika kwa kidole kimoja. Kisha akasoma kwa sauti: "Pale Palipokuwa."

Shangazi akajisogeza kwenye godoro, akampisha.

"Kaa, mwanangu. Kile kinu, wanasema kiliungua. Hakikuungua. Kilichomwa, na aliyekichoma alikuwa anataka kunioa."

Simu yake ikalia tena. Akampa binti bila kuitazama.

"Zungumza naye wewe, mjukuu wangu. Mwambie aendelee kutafuta kinu."