Vidole vya Wilkista Ukutani

Wilkista alisiriba nyumba kila Desemba tangu nilipomuoa. Alianza na kuta za nyumba kubwa, akamaliza na jikoni yake. Udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe, majivu kidogo, maji. Hakupima. Alitia mkono akajua.

Majirani hapa Kabuchai walimwita awasaidie. Hakukataa. Alisema ukuta ukipasuka, watu wataona mboga unayopika. Wanawake walicheka, wakaendelea kukanyaga udongo.

Mwezi wa sita alikufa. Alikuwa kwa binti yetu Emmy, Kitale. Hakuugua sana. Alipungua tu. Jioni alikunywa uji nusu kikombe, asubuhi hakuamka. Daktari wa zahanati aliyekuwa akimtazama, kijana anaitwa Ngari, alituambia ni umri tu.

Neno hilo lilikataa kunitoka.

Mimi ni wa rika la Maina. Tulitahiriwa uhuru ukiwa bado mpya. Rika la Chuma, wanaotufuata, walipopita njiani na kengele zao za jando, Wilkista alikuwa kasichana ka kuchota maji. Kwetu huulizi mtu ana miaka mingapi, unauliza ni rika gani. Mimi ndiye niliyetangulia. Sasa umri unamchukuaje wa nyuma na kumwacha wa mbele?

Situlii. Nakaa kidogo, nasimama. Naenda kwa ng'ombe, narudi. Nafika barabarani bila safari. Wajukuu wanadhani nimepoteza kitu.

Mvua ya Agosti ilipiga jikoni. Upande unaotazama mlima ulianza kubanduka. Ndipo nikaona vidole vyake.

Kila akimaliza kusiriba alipitisha vidole vinne kwenye udongo mbichi, akachora kama upinde, mmoja baada ya mwingine, ukuta mzima. Mstari wa mwisho ulikuwa mfupi na hafifu, kwa sababu kidole chake kidogo kilikatwa na panga akivuna miwa. Huwezi kuukosea. Nilipita hapo miaka yote nikiinama mlangoni, nikitafuta chakula.

Hesbon, kifungua mimba wetu, anafanya kazi ofisini Bungoma mjini. Alileta matofali. Alisema Krismasi wageni watajaa, watoto watacheza pale, na ukuta hauna huruma.

"Papa, ama isiribwe ama ibomolewe. Haiwezi kukaa hivyo."

Alisema kweli. Nikiuacha ukuta, mvua itakula vidole. Nikiusiriba, udongo utavifunika. Hilo sikumwambia. Nilimwambia angoje. Kesho yake nikaenda Kitale.

Nilimkuta Ngari akifunga mlango, anaenda kula. Nikamwambia anieleze umri ni ugonjwa gani. Alitaka kucheka, akaniangalia, akaketi kwenye benchi. Mimi nilibaki nimesimama.

Alieleza polepole. Mwili ni chembe ndogo sana, jicho halizioni. Zinakufa, nyingine zinashika nafasi. Ngozi niliyo nayo leo si ile niliyokuwa nayo nilipomuoa Wilkista. Damu pia. Mwili unajitengeneza kila siku, lakini kutengeneza huacha makosa madogo, makosa yanarundikana, mpaka fundi mwenyewe anachoka. Wataalamu wengine wanasema mwili una nguvu ya kiasi, na inabidi igawanywe kati ya kuzaa na kujitengeneza. Wengine wanasema uzee ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, siku moja dawa itapatikana. Wengine wanakataa, wanasema ni njia, kama mahindi yanavyokauka shambani.

"Na wewe unasema nini?" nikamuuliza.

"Mimi, mzee, naandika dawa ya presha."

Nikamwambia basi ni kama kusiriba nyumba. Akasema hajui, kwao walijenga za mbao.

"Mbona yeye kwanza, na mimi nilimtangulia?"

"Hata wawili wa mwaka mmoja hawazeeki sawa," akasema. "Hilo tunalijua. Kwa nini huyu na si yule, hatujui."

Hakunidanganya. Nikamshukuru. Njiani nilifikiria hiyo ya kuzaa na kujitengeneza. Wilkista alizaa saba. Kisha akasiriba nyumba za watu.

Nilipofika nyumbani nilichimba kichuguu. Kwetu mwanamume anasimamisha nguzo na kuezeka. Kusiriba si kazi yake. Fridah, mke wa ndugu yangu, alisimama kwenye ua akaniangalia nikikanyaga udongo.

"Shemeji, tangu lini Maina wanasiriba? Tukuletee na leso ufunge?"

Niliendelea kukanyaga. Nilikuwa na mpango wangu. Nilipaka udongo juu ya vidole bila kulowesha ukuta. Nilitaka vibaki vizima huko ndani.

Jua lilipotoka kesho yake, udongo wangu wote ulikuwa chini. Ulikuwa umeanguka na kipande kikubwa cha udongo wa Wilkista. Niliinama pale palipobomoka. Niliona tabaka juu ya tabaka, nyekundu, ya majivu, nyekundu tena. Na kila tabaka ilikuwa na mistari yake, imefifia lakini inaonekana. Kwenye zile za ndani kabisa, mstari wa mwisho ulikuwa mrefu kama mingine. Kidole kilikuwa bado kizima.

Fridah alikuja akaangalia. Safari hii hakucheka.

"Uliogopa kumwaga maji," akasema. "Udongo mkavu haushiki mwenzake. Yeye mwenyewe alikuwa akiimwagia mistari hii maji kila Desemba. Kwani hukuwa unamwona?"

Nilikuwa namwona.

Nilileta ndoo. Niliumwagia ukuta maji kwa kopo, kuanzia juu. Mistari ilifura, ikalainika, ikatiririka mpaka miguuni mwangu. Sikusimamisha mkono. Fridah alichukua upande mmoja, mimi mwingine, tukapaka mpaka mchana.

Mwisho akaniambia nichore. Nilikunja kidole cha mwisho, nikajaribu. Ilikuwa uongo. Nikakinyoosha, nikachora na vyangu vyote.

Hesbon alipofika aliuliza ni nani amesiriba vibaya hivi upande mmoja. Fridah akamwambia aulize Maina. Nikamwambia yale matofali ajengee kuku, kisha nikaenda kutafuta maji ya kunawa.